Shajara ya mradi: mkeka wa mwani mwekundu kwenye mwamba unaopigwa na mawimbi, Oysterbay, Dar

Naandika hatua kwa hatua ili mtu akitaka kufanya hivi kwenye mwamba wa kwao, iwe Tanga, Kilwa au Mombasa, asipoteze hela na muda pale tulipopoteza sisi. Tupo watatu: mimi, mwenzangu niliyesoma naye, na binamu yangu ambaye ni fundi wa kuchomelea. Hela ni ya mifukoni. Tunachotaka kujua ni kimoja tu, pale wimbi linapopiga kwa nguvu kabisa mwani mwekundu unashikaje, na unabadilikaje kutoka kusi mpaka kaskazi, yaani majira ya upepo wa kusini na ya upepo wa kaskazini.

Ukisema mwani watu wanawaza ule wa kamba wa Paje na Jambiani kule Zanzibar, ambao kilimo chake kilianza 1989 kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Ule nao ni mwani mwekundu, sema unakaa kwenye maji yaliyotulia ndani ya mwamba na unafungwa kamba na mtu. Huu wa kwetu haufungwi na mtu. Umejishikia mwenyewe kwenye jiwe, mfupi, wa sentimita mbili tatu hivi, umesukana kama mkeka, watu wanaukanyaga kila siku wakienda kuchokoa pweza na wala hawaujui kama una jina. Mimi nimekulia karibu na bahari na nimeukanyaga miaka yote hiyo.

17 Agosti 2023. Kuchagua mahali

Wazo la kwanza lilikuwa kulinganisha pande mbili za rasi ya Msasani, upande wa Oysterbay unaotazama bahari kuu na upande wa ghuba ambao umetulia. Tulizunguka siku nzima, nauli na maji ya kunywa 22,000, alafu tukaona haiwezekani. Upande wa ghuba kuna tope, maji yana mchanga mwingi, kivuli tofauti, jiwe lenyewe tofauti. Ukikuta mwani ni tofauti huko utasema ni wimbi wakati inawezekana ni tope. Kosa hili lilitugharimu siku moja tu lakini ningekuwa sijalishtukia lingekula mwaka.

Tukaamua kulinganisha sehemu mbili za mwamba mmoja, kusini ya Coco Beach. A tumeiita Mdomo, ni ncha inayotangulia baharini, wimbi linafika bila kizuizi. B tumeiita Nyuma ya Jiwe, kama hatua 30 kutoka pale, kuna jiwe kubwa limekinga. Mwamba ni uleule, chokaa ya matumbawe ya kale, na jua ni lilelile.

Habari njema kwa mkazi wa Dar ni kwamba siku za bamvua (mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapojaa na kutoka kuliko siku nyingine) maji yanakupwa kabisa kama saa nne asubuhi hivi, kwahiyo kazi inafanyika mchana na mwanga upo. Unapata saa moja na nusu, isizidi mbili.

1 Septemba 2023. Alama, jaribio la kwanza

Kila kitu kwenye mradi wa aina hii kinategemea kurudi palepale, na palepale namaanisha kwa sentimita, sio kwa mita. Mkeka unabadilika kila shibiri, ukipiga picha nusu mita pembeni ya pale ulipopiga mwezi jana utaona mabadiliko makubwa ambayo hayapo.

Tukaweka rangi ya mafuta nyekundu, kopo 9,000. Tulisugua jiwe kwa brashi ya waya, tukakausha na kitambaa, tukapaka. Baada ya wiki mbili hakuna hata doa. Jiwe la matumbawe lina matundu kama sponji na maji yako ndani hata ukiona juu pamekauka, rangi haipati pa kushika.

17 Septemba 2023. Alama, jaribio la pili

Epoksi ya tyubu mbili, ile ya dukani ya kawaida, tyubu nne 24,000. Tukabandika vipande vya kigae vyenye namba. Tulipokuwa tunamalizia kipande cha sita Mdomo, bibi mmoja anayeokota chaza pale akatuita. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, alafu akatwambia, "Wanangu, hapo mliposimama ndipo panapopiga. Bahari usiipe mgongo." Hatukuhama haraka. Wimbi la pili kutoka pale likampiga mwenzangu kiunoni, akashika jiwe, simu ikaenda. Simu ilikuwa ya 280,000 na ndo gharama kubwa kuliko zote kwenye shajara hii. Yeye alitoka na mikwaruzo ya goti tu, namshukuru Mungu, na bibi yule tukarudi kumshukuru pia.

Tangu siku hiyo mmoja wetu hafanyi kazi yoyote zaidi ya kutazama bahari na kupiga kelele. Tunaingia Mdomo maji yakiwa bado yanatoka, yakigeuka tu tunatoka, hata kama kazi haijaisha. Tafadhali ukiiga kitu kimoja kutoka hapa iga hiki.

Vigae vyenyewe, kati ya sita vinne viling'oka, epoksi haikukauka kwenye unyevu.

30 Septemba 2023. Alama, imekubali

Skrubu. Tulikodi drili ya betri ya kupiga nyundo, 25,000 kwa siku, biti ya zege 7,000, tukatoboa tundu la sentimita sita, tukaingiza plagi ya plastiki na epoksi ile ya kukanda kwa mkono inayokauka ndani ya maji, mafundi bomba wanaijua. Skrubu za kwanza tulizouziwa kama stenlesi zilikuwa za kupakwa juu, ndani ya mwezi zikaota kutu, tukabadilisha zote. Nenda dukani na sumaku, ikinasa kwa nguvu acha. Na uulize ya 316, ndo inayovumilia chumvi. Skrubu 24 za kweli zilitutoka 43,000.

Skrubu mbili kwa kila kituo zinatosha. Vituo sita Mdomo, sita Nyuma ya Jiwe. Pia piga picha ya mbali inayoonyesha skrubu pamoja na jiwe lolote kubwa, maana mkeka unaifunika skrubu na utaitafuta kwa vidole.

Fremu ya kuhesabia tulianza na ya bomba la plastiki, nusu mita kwa nusu mita. Ikaelea. Kwenye jiwe lenye mabonde inayumba pia, kona moja inakaa juu. Binamu akachomelea ya nondo ya milimita 8, sentimita 25 kwa 25, yenye vitundu viwili vinavyoingia kwenye skrubu. Nondo na vijiti 11,000, ufundi bure. Hii ndo iliyotuokoa, inakaa palepale kila mara bila kupima.

15 Oktoba 2023. Tulichoita kijani ni chekundu

Picha zilikuwa nzuri (dawa ni mwamvuli mweusi, ukiweka kivuli mng'ao wa maji unaondoka), nikakaa na laptopu nikaweka nukta 100 juu ya kila picha na kuandika kila nukta imeangukia nini. Matokeo yakanishtua: kijani karibu nusu Nyuma ya Jiwe. Nikamtumia mtu mmoja anayefundisha haya mambo, akanijibu kwa swali moja tu, umeloweka?

Mwani mwekundu una klorofili kama mmea mwingine wowote, rangi nyekundu inatoka kwenye kitu kinaitwa faikoerithrini ambacho kinafunika ule ukijani. Kwenye jua kali la huku kwetu faikoerithrini inapungua, mwani unakuwa wa njano, wa machungwa, wa kahawia, hata kijani kabisa. Ukienda na macho tu utadanganyika. Kuloweka kunasaidia kwa sababu faikoerithrini inayeyuka kwenye maji na klorofili haiyeyuki. Chukua kipande kidogo, kiache kwenye glasi ya maji baridi ya bomba usiku mzima, seli zinapasuka, asubuhi kama ni mwekundu maji yanakuwa na uwaridi, hata hafifu. Weka glasi mbele ya karatasi nyeupe ndo utauona.

Nikarudia picha zote 12 upya. Wiki moja ya jioni zangu, gharama sifuri, na ile "kijani" nyingi ikawa Gracilaria salicornia, ile yenye vipingili kama virungu vilivyoungana, ambayo juani inakuwa ya njano ya ndizi.

Hawa ndo tunaowatambua kwa uhakika mpaka sasa. Juu kabisa, kwenye nyufa zenye kivuli ambako maji yanafika kwa kurushwa tu, kuna Bostrychia, weusi weusi, hao pia utawakuta kwenye mizizi ya mikoko. Chini yao mkeka wenyewe: Gelidiella acerosa, ngumu kama waya, hii ndo inayotoa agari, ile ya kugandishia kama jeli, Mdomo imetawala. Katikati yake nyuzi nyembamba za Centroceras ambazo bila lenzi huzioni. Laurencia na ndugu zake, ncha ya tawi ina kishimo kidogo. Jania na Amphiroa wenye chokaa mwilini, ukivunja wanalia kach, na ukiwadondoshea siki wanatoa mapovu (siki ya 1,500 inatosha mwaka). Na chini ya wote lile gamba la waridi lililobandikana na jiwe ambalo watu wengi wanadhani ni rangi ya jiwe lenyewe. Nalo ni mwani.

Siku hiyohiyo tulikwangua mkeka sentimita tano kwa tano, vipande vitatu kila upande, tuone unarudi kwa muda gani. Kisu cha jikoni.

14 Novemba 2023. Mvua

Mvua za mwaka huu ni nyingi mno. Tulifika imenyesha tangu alfajiri na maji yametoka, maana yake mwamba umeogeshwa maji baridi saa kadhaa bila bahari kuufunika. Jania ncha zote zimekuwa nyeupe. Mdomo hali ilikuwa afadhali kuliko Nyuma ya Jiwe, nadhani kwa sababu hata maji yakiwa yametoka wimbi linaendelea kurusha chumvi juu yake, sema sina namna ya kuthibitisha hilo.

Vipande tulivyokwangua vimejaa tayari, siku 30 tu. Tulifurahi sana tukaandika "mkeka unarudi ndani ya mwezi". Usinukuu sentensi hiyo, soma ya Januari.

13 Januari 2024. Jipsamu, na kukwangua upya

Kwanza kukwangua. Nilipokiangalia kipande "kilichorudi" kwa lenzi nikaona vile vitambaazi vya chini, vishina vinavyolala juu ya jiwe, ni vya zamani. Kisu kiliondoa matawi ya juu tu, vitambaazi vikabaki, yaani tulikuwa tumekata nywele. Safari hii tukatumia patasi mpaka jiwe jeupe likaonekana, brashi ya waya, na tukapiga picha ya jiwe tupu kama ushahidi. Vipande vitatu kila upande, palepale sentimita tano, sitaki kuharibu zaidi ya hapo kwa ajili ya udadisi wangu.

Pili, tulitaka kipimo cha nguvu ya maji badala ya kusema tu "hapa panapiga". Vifaa vya kweli ni bei mbaya, ila kuna njia ya zamani, unaweka kidonge cha jipsamu baharini na kupima kimepungua gramu ngapi, maji yakienda kasi kinayeyuka haraka. Unga wa jipsamu mfuko 16,000, tukamimina kwenye trei za barafu, tukabandika kwenye vipande vya plastiki, tukafunga kwenye skrubu.

Mzigo wa kwanza, tuliacha siku tatu. Hakuna kilichobaki, pande zote mbili sifuri, kwahiyo hujui nani alipigwa zaidi. Mzigo wa pili tulitumia vikombe vya kahawa kupata vidonge vikubwa na tukaviacha maji yajae na kutoka mara moja tu. Vilibaki, tukashangilia, alafu mimi nikaharibu. Ili vikauke haraka niliviweka kwenye oveni ya nyumbani moto wa kuokea keki. Jipsamu ina maji ndani ya fuwele zake, ukiipasha hivo yanatoka, gramu zinashuka bila bahari kuhusika. Vidonge vya akiba ambavyo havikwenda baharini kabisa vilipungua pia, ndo nikagundua. Kama nisingeacha vile vya akiba ningechapisha upuuzi.

Mzigo wa tatu tulikausha kwa feni siku nne kabla na siku nne baada, na viwili vya akiba tukavitia kwenye ndoo ya maji ya bahari yasiyotikisika. Ukitoa kile kilichoyeyuka kwenye ndoo, Mdomo vilipoteza karibu mara mbili ya Nyuma ya Jiwe. Kumbuka mchanga nao unasugua kidonge, kwahiyo sio maji peke yake. Mizani ya jikoni ya gramu 35,000.

11 Februari 2024

Kaskazi, bahari tulivu, jua linachoma. Nyuma ya Jiwe mkeka umekauka juu kama nyasi za kiangazi, ukifunua kwa kidole chini pana maji. Hiki ndicho kitu kilichonivutia kuliko vyote mwaka huu wote. Tawi moja la Laurencia ukilitoa na kuliweka juu ya jiwe, saa moja tu limekuwa gumu. Matawi yaleyale yakiwa yamebanana yanashika maji na mchanga katikati yao na yanavumilia mpaka bahari irudi. Ufupi wao nao una sababu yake. Mawimbi yanang'oa kinachosimama, na maji yakijaa samaki wanaingia kulisha, wanakata kinachozidi kimo. Kwahiyo nimeacha kuhesabu spishi moja moja kama miti shambani, sasa napima unene wa mkeka kwa rula kwenye nukta tano za kila fremu pamoja na zile nukta 100. Ningeanza hivyo Septemba.

Vipande vya patasi: utando wa kijani tu katikati, pande zote mbili.

12 Machi 2024. Levo ya maji

Mfungo wa kwanza wa Ramadhani kwa wengi wetu, tumefanya kidogo kidogo na hatukwenda mbali.

Tulitaka kujua mkeka unaanzia kimo gani. Mara ya kwanza tulipima kutoka usawa wa maji saa ya kupwa kwa jedwali la maji kujaa na kupwa, ikatupa majibu ya ajabu, Mdomo maji hayatulii hata dakika, yanapanda na kushuka nusu mita, usawa uko wapi hapo? Suluhisho ni la mafundi ujenzi, mpira mwembamba wa plastiki uliojaa maji, mita 40, 20,000. Ncha moja Mdomo, nyingine Nyuma ya Jiwe, maji ndani ya mpira yanalingana yenyewe. Toa mapovu yote ya hewa kwanza, povu moja lilitupoteza nusu saa.

Ukingo wa juu wa mkeka Mdomo uko sentimita 40 hivi juu zaidi ya Nyuma ya Jiwe. Wimbi linapandisha maji na unyevu, mwani nao unapanda nao.

Vipande vya patasi Mdomo: pembeni mkeka umeanza kuingia, milimita kadhaa, kwa vitambaazi.

Bamvua ya Aprili iliangukia Idi. Hatukwenda.

9 Mei 2024. Baada ya Hidaya

Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya kilikuja mpaka pwani yetu, na kabla yake mvua za Aprili zilikuwa zimeshajaza mito. Usiku ule nilikuwa nawaza nyumba za watu kwanza, alafu skrubu.

Skrubu 24, zimebaki 21. Zilizopotea zote zimeondoka na jiwe lake, tundu na kila kitu, pale ambapo tulitoboa karibu na ukingo. Toboa mbali na ukingo, angalau shibiri.

Mdomo nilitegemea kukuta jiwe tupu. Gelidiella ipo. Imepungua unene, ncha zimekatika, lakini mkeka umebaki kwenye fremu tano kati ya sita, na kwenye ile ya sita umechanika kwa mkupuo mmoja kama zulia, sentimita kumi na kitu, sio tawi moja moja. Nyuma ya Jiwe ndo kumeharibika, na wimbi silo lililoharibu. Mchanga umelala juu ya mkeka vidole viwili, fremu mbili hazionekani kabisa. Tuliufukua pembeni ya fremu kidogo tukakuta Gracilaria salicornia hai chini, imepauka, na Jania zilizokufa nyeupe. Fremu zenyewe hatukufukua, tukifukua tutakuwa tumebadilisha tunachopima. Mwenzangu hakukubaliana nami na tulibishana pale mpaka maji yakaanza kugeuka.

7 Juni 2024

Kusi imerudi na imeuondoa mchanga karibu wote yenyewe. Fremu moja imerudi na mkeka wa salicornia, nyingine ni jiwe na kijani.

Vipande vya patasi, miezi mitano sasa: Mdomo viwili vimefunikwa karibu kabisa kutoka pembeni kuja katikati, kimoja nusu. Nyuma ya Jiwe havijafika hata nusu, kimoja kina utando wa kijani na konokono wengi wanaoula. Katika vyote sita sijaona hata chipukizi moja jekundu lililoanzia katikati peke yake. Mbegu za mwani mwekundu haziogelei, hazina mkia wa kusukumia, zinakwenda maji yanakozipeleka, na hata mbegu zake za kiume hivyohivyo. Labda zinatua na kuliwa, labda zinahitaji muda zaidi ya miezi mitano. Inayoonekana wazi ni kwamba pengo dogo linazibwa na jirani.

Gharama mpaka leo, ukiondoa simu na nauli, ni kama 230,000, na 60,000 ya hizo ni rangi, tyubu na skrubu za kwanza ambazo wewe huna haja ya kununua.

Lile zulia la Mdomo lililochanika na Hidaya limekuwa kipande chetu cha saba bila sisi kukwangua, na ni kubwa kuliko yote. Tumelipimia fremu yake. Bamvua tutakayokwenda ni ya mwezi mwandamo wa mwanzoni mwa Julai, tunaenda nalo kwanza, na bibi amesema atakuja kusimama atuangalizie bahari.